Mbwa Uliyeniachia Amevuka Soko

Muzee Musafiri, mwalimu wangu,

Nakuandikia nikiwa Katoyi, nimekaa juu ya jiwe uliloniachia pamoja na kamba zako. Ndizi amelala miguuni pangu, anakoroma. Ndiyo, yule mtoto wa mbwa wa manjano uliyesema kichwa chake kigumu kama mbao ya chukudu ya kubebea mizigo. Amekuwa mkubwa, na nina habari zake.

Tangu uondoke, waasi wameingia mjini. Sisi tuko wazima. Mama yangu bado hataki mbwa avuke kizingiti chetu pale Majengo, kwa sababu ya swala, lakini kila jioni anamtupia mfupa akidhani simwoni.

Huzuni ikinizidi nakumbuka siku ile mlima ulipolipuka. Tulikimbilia Sake na magodoro kichwani, na wewe katikati ya barabara na watoto wawili wa mbwa kwenye kamba, unatembea kama unakwenda harusini. Nikakusihi tukimbie. Ukaniambia, "Mutoto, kelele kama hii tutaipata wapi tena? Uwaache wasome." Nilikukasirikia sana, Muzee. Leo nacheka peke yangu mpaka wapita njia wananitazama.

Ulipougua ulinikabidhi Ndizi, na pamoja naye ahadi uliyompa Mama Vumilia, jirani yako asiyeona: kwamba mbwa huyu atamwongoza sokoni na kwenye mazoezi ya kwaya, asingoje tena mtu wa kumshika mkono. Nikafanya kazi. Siku zile waasi walipoingia, maduka yalifungwa, barabara zikawa nyeupe bila mtu, na Ndizi alitembea vizuri ajabu. Hakubweka, hakugeuka. Nikaenda mbio kumwambia Mama Vumilia kwamba mbwa yuko tayari. Akashonesha gauni jipya.

Kisha soko likafunguka, tukaenda watatu. Chukudu moja tu ilipita na magunia ya makala ya kupikia, magurudumu yake ya mbao yakinguruma, Ndizi akajitupa chini ya meza ya muuza majani ya sombe na kumvuta Mama Vumilia mpaka akaanguka kwa magoti. Gauni likachanika. Kumbe mbwa hakuwa ametulia. Mji ndio uliotulia, kwa woga, na mimi mwanafunzi wako sikuona tofauti. Nilikuhitaji siku ile kuliko hata siku ya mazishi yako.

Mama Vumilia alisema magoti yatapona, ila nisimletee mbwa mwingine. Anamtaka huyu huyu.

Basi nikashika neno lako, lile la "umuache achoke kushangaa." Kila asubuhi tulikaa mbali na soko, tukatazama tu: chukudu, mbuzi, pikipiki, mhubiri na kipaza sauti chake. Siku Ndizi anapiga miayo, tunasogea hatua chache. Siku anatetemeka, tunarudi. Mvua zote zilitunyeshea hapo, na wauza mboga wakaanza kuniuliza kama nimeajiriwa kulinda barabara.

Jana Mama Vumilia na Ndizi wamekwenda sokoni wawili peke yao. Nilisema nitabaki nyumbani, lakini wapi, nilifuata kwa nyuma. Pale penye mteremko chukudu ikaja imejaa makala, mwenyewe anapiga mluzi watu wapishe. Ndizi akasimama mbele ya miguu ya Mama Vumilia. Akangoja ipite. Akapiga miayo, Muzee, ninaapa, kisha akaendelea na safari.

Mama Vumilia akageuza uso upande wangu. "Mwajuma, urudie nyumbani. Nasikia ndala zako tangu Katoyi."

Nikarudi. Nililia njia nzima, na kilio chenyewe kilikuwa kitamu.

Pumzika sasa, Muzee. Ahadi yako imetimia, na mimi ninakupa yangu: kila mbwa nitakayemfundisha baada ya huyu atasomea penye kelele. Kesho Mama Vumilia anakwenda kwaya kule Keshero. Nakuahidi sitamfuata. Moyo ukinishinda, nitavua ndala.

Mwanafunzi wako,
Mwajuma