Mafuta Hayaingii Machoni

Tororo, Jumapili jioni, 1976

Macho yamerudi meupe! Nimeyaangalia kwenye kioo mara tatu.

Ule umanjano nilidhani ni mafuta ya pamba tunayojipaka siku ya kuonyesha misuli. Sabuni imeadimika, nikafikiri hayajatoka vizuri. Sista wa zahanati akatikisa kichwa. "Mafuta hayaingii machoni, mwanangu. Hilo ni ini. Unajidunga nini?"

Sindano za kujaza misuli nimeziacha miezi miwili sasa. Mkojo umetakata, chakula kinapita. Lakini mikono imesinyaa, shati linanipwaya, na hilo linaniuma. Sitajidanganya.

Leo Juma alinikuta nanyanyua chuma. Yeye ndiye hutuletea dawa hizo kutoka Busia, upande wa Kenya, na mwenyewe bado anajidunga. Akacheka. "We Okoth, umekuwa kama kuku aliyenyeshewa!"

Nilikasirika, karibu nimtupie kile chuma. Badala yake nikamweleza alivyosema sista.

Akachukua kioo changu, akasogea dirishani penye mwanga, akavuta chini kope ya jicho. Akavuta na ya jicho la pili.

"Okoth," akasema, "kesho nipeleke kwa huyo sista."