Ngazi za Nyumba ya Babu Kizito

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimeiota tena. Nyumba ya babu, ile ya Goma. Nimesimama barazani, miguu mitupu, sakafu nyekundu imepigwa nta hadi inateleza. Harufu ya fromage, jibini ya babu, kila mahali! Kisha alarm. Kilburn, ughaibuni. Mvua.

Baba mdogo Gires ametuma voice kwenye group ya ukoo. Anataka kuibomoa, ajenge ya kisasa palepale. Jumapili kila mmoja aseme lake, mimi kwa simu. Desturi yetu ni ileile: neno la mwisho ni la kifungua mimba wa mtoto mkubwa wa babu. Akikataa, hakuna anayegusa jiwe. Mtoto mkubwa alikuwa baba yangu, marehemu. Basi ni mimi — niliyeondoka 2001, na sijarudi.

Nitakataa. Hata kufikiri sihitaji.

Jumatano, 6 Novemba

Kazini. Bibi ninayemhudumia alikuwa anakunywa chai yake polepole, nami nikaizunguka nyumba nzima kichwani.

Kwetu husemwa babu alikuwa mfugaji wa kwanza wa Masisi kujenga mjini. Hakujua kujenga kimjini! Akajenga kama yuko mlimani: kuta nene za mawe meusi ya volkano, madirisha madogo, paa la mabati lenye mteremko mkali. Katikati kabisa, chumba cha fromage, hakina dirisha, rafu za mbao mpaka juu. Tukitumwa humo tulikuwa tunanong'ona, sijui kwa nini. Majirani wote waligeuza baraza zao ziwani. Yeye akaligeuzia ziwa mgongo, atazame barabara ya Masisi, aone ng'ombe wake wakishuka. Walimcheka sana. Akawajibu kwamba ziwa halikamuliwi.

Ng'ombe waliisha vitani. Babu naye akatutoka. Nyumba imebaki, na mama yangu ndani yake.

Alhamisi, 7 Novemba

Mwanangu Shekinah ana homework: achore nyumba ya familia. Akaanza kuchora flat yetu. Thubutu! Nikachukua penseli mimi. Kuta, baraza, ngazi za mawe zinazopanda kutoka barabarani.

“It's huge, Mummy.”

Nikaringa. Nikampigia mama kwa video nimwonyeshe. Aliitazama ile picha, akacheka kicheko chake cha puani.

“Ngazi za kupanda? Sidonie, siku hizi tunashukaka.”

Nilijua lava ya 2002 ilipita barabarani ikasimama kwenye ukuta wetu. Tulimshukuru Mungu, tukaimba. Kumbe barabara mpya ilipita juu ya lava ile! Sasa iko juu kuliko kizingiti. Nyumbani unaingia kama unaingia shimoni, na mvua inakufuata. Picha zote walizonitumia zilipigwa barazani, watu wamependeza. Mlango hakuna aliyenionyesha.

Nikamuuliza, sasa ukikaa barazani unaona nini?

“Miguu ya batu wanaopita,” akasema.

Nimebaki kama mtu aliyevuliwa shuka usingizini.

Jumamosi, 9 Novemba

Mama amepiga mwenyewe. Huwa hapigi! Sauti chini, kama anaiba.

“Niko nasikia baridi mu mifupa, mwanangu.”

Analala na makoti mawili. Maji yanafika hadi chumba cha fromage. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali. Nikamuuliza mbona humwambii baba mdogo. Swali langu lilimshangaza. Yeye aliolewa humo. Mke hana neno juu ya nyumba ya babamkwe. Neno lake hutoka kinywani mwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa anangoja niulize. Miaka yote! Na mimi kila Noeli: mama, tuchungie nyumba. Naye: ndiyo, mwanangu.

“Nilijua ni weye unaipenda,” akasema. “Njo maana nikakaa.”

Nina hasira, sijui na nani. Na bado — aibu yangu! — nikamuuliza kama sakafu haiwezi kuinuliwa kidogo. Alikohoa.

Jumapili, 10 Novemba

Alfajiri nimeiota. Ng'ombe wa babu walikuwa wanapita juu, barabarani, na mimi chini barazani naona kwato tu. Zilikuwa nzuri. Nimeamka nalia.

Sasa simu iko kwenye spika, naandika huku nasikiliza. Wote wako barazani, nasikia viti. Shangazi Armelle: ibomolewe. Jean, mdogo wangu: ibomolewe. Huko Goma kunanyesha.

“Mama Shekinah, tunakusikiliza,” baba mdogo anasema.

Siwezi. Naiona yote, hadi rafu. Mama anaomba polepole mtu amsogezee kiti, maji yameshafika. Hakuna anayeinuka, wote wananingoja mimi.

“Alo? Sidonie? Réseau imekata?”

Haijakata, simu iko hewani. Nimesema: baba mdogo, kwanza mtoeni mama kwenye maji.

Baba mdogo anauliza, taratibu sana:

“Hilo ndilo neno lako? Hukatai?”