Viatu vya Kuazima

Jumapili, jioni

Hapana, neno "bingwa" halitaandikwa kwenye kaburi la mume wangu. Nimemwambia Daudi leo, alipokuja kutoka Brampton, mji wa jirani huku ughaibuni, na mchoro wa jiwe la baba yake. Niliogopa tutagombana, na tumebaki wawili tu.

"Lakini Mama, si alikimbia mashindano ya kimataifa?"

"Alikimbia. Akawa wa mwisho."

Daudi alinikodolea macho. Kumbe Yusufu hakuwahi kumsimulia. Mimi alinisimulia tulipokuwa wachumba, huku akijicheka. Miaka ile ya hamsini alikuwa kijana, na mwenzake alimwazima viatu vya mbio, vile vyenye misumari chini. Vikambana. Katikati ya mbio akasimama, akavivua, akamaliza peku, kiatu kimoja kila mkono.

"Kwa nini hakuvitupa pembeni tu?"

"Viatu vya watu, mwanangu? Vikipotea je?"

Daudi akacheka mpaka akafuta machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. "Huyo ndiye Baba kabisa," akasema, akachukua kalamu na kulikata lile neno. Jina na miaka vitatosha.

Alipoondoka nikafunga mlango. Viatu vya Yusufu vya theluji bado viko pale chini, ubavuni mwa vyangu. Kila anayekuja ananishauri nivigawe.

Hivi havikuwa vya kuazima. Sina wa kumrudishia.