Kopo Moja na Nusu Kila Asubuhi

Kwa mama, Kyimo,
S.L.P. Tukuyu, Rungwe.
Jumamosi, 14 Mei 1994.

Kaka yangu Lazaro,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi, na kama umesimama tafuta kiti, maana leo hutanilaumu kwa barua fupi. Natumaini hapo Singida hamjambo, wewe, shemeji na mtoto, na kwamba lile jua mnalolisimulia halijawakausha wote. Sisi mvua haijatuachia. Nguo zinaanikwa Jumatatu zinaanuliwa Alhamisi, na bado zina unyevu. Migomba imestawi, na yule ng'ombe mweusi uliyemwacha mtamba amezaa dume. Hellen mke wangu na watoto wanakusalimu. Habari za mama nitakueleza mbele.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliipata. Ulitaka kujua kama shemeji aje likizo ya Juni na mtoto, ili mama amwone mjukuu wake kabla hajaanza kutembea. Ukauliza pia kama kuna haja ya kumchemshia mtoto maji ya bomba, kisha ukajijibu mwenyewe kwamba hilo ni swali la kijinga, kwa kuwa mtunza tangi ni mdogo wako. Kaka, sentensi hiyo nimeisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Ndiyo sababu nimechelewa kujibu. Stempu zilikuwepo.

Tangu uhamishwe, huku pamebadilika. Ulipoondoka tulikuwa watunzaji watatu pale kwenye tangi, wafadhili wanakuja na gari lao kila mwezi kukagua. Wafadhili walikwenda zao, tukaambiwa sasa mradi ni wa wananchi wenyewe. Wenzangu wawili wakapunguzwa kazini, nikabaki peke yangu na funguo zote, ya geti, ya stoo na ya koki kuu. Sikuficha furaha yangu. Nilitembea barabarani huku funguo zinalia kiunoni, na watu wakanitania kwamba nimekuwa mkuu wa gereza la maji.

Pale juu ya chemchemi, penye msitu mdogo ambao tulikatazwa hata kuokota kuni, kamati ya maji imegawa viwanja. Siku hizi kila kitu ruksa, na anayetaka kufungua biashara hazuiwi. Amoni, yule aliyekuwa kiwandani kwenye chai, amejenga klabu ya pombe hapo, ina muziki wa betri na watu wengi kila jioni. Nyuma ya klabu amechimba choo, na nyuma ya choo ana banda la nguruwe. Niliinua mkono kwenye kikao nikasema kwamba choo kikiwa juu na chemchemi ikiwa chini, mvua haina adabu. Mwenyekiti wa kamati akanijibu kwamba ndiyo maana kuna dawa, na ndiyo maana kuna mimi. Watu wakapiga makofi. Nami nikakaa, nikiwa nimefurahi kwa yale makofi.

Dawa yenyewe unaijua, wewe ndiye Bwana Afya uliyenifundisha. Ule unga mweupe, kopo la maziwa moja na nusu kila asubuhi, ukorogwe kwenye pipa, udondoke kidogo kidogo ndani ya tangi. Ulinishika bega siku ile ukasema nisiruke hata siku moja, hata nikiwa mgonjwa, hata nikiwa na msiba. Miaka ya mwanzo sikuruka.

Sasa unamjua mama na chai yake. Hakuna shughuli ya kanisa hapa ambayo mama si mkuu wa sufuria. Kwenye harusi ya binti wa Mzee Hezron wageni walitoka mpaka Ibighi, na wengi wakaacha vikombe vimejaa. Wakasema chai inanuka hospitali. Mama alirudi nyumbani na aibu ambayo sijawahi kumwona nayo, hata baba alipomwachia madeni ya watu. Alisema mzazi anayewanywesha wageni chai isiyonyweka heri asiwaite. Kwa wiki nzima akatania kwa uchungu kwamba mwanawe amemwekea dawa ya choo kwenye sufuria.

Haikupita miezi miwili, Mzee Hezron naye akafariki. Mama akanijia kule kwenye tangi, kwa miguu, kwenye utelezi ule. Akaniomba niipumzishe dawa siku tatu tu za msiba, ili watu wanywe chai ya heshima. Kaka, ningemjibu nini? Nikaipumzisha. Chai ilisifiwa mpaka na wachungaji. Mama akang'aa, akanishukuru mbele ya wanawake wenzake kwa ndaga nyingi kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Siku tatu zikaisha, hakuna aliyeharisha. Watu wakaniambia kwamba safari hii nimejua kupima, kwamba wale wenzangu waliopunguzwa ndio waliokuwa wanazidisha, kwamba mkono wangu ni mwepesi. Nikatabasamu, nikanyamaza. Nilijiambia nitarudisha Jumatatu. Jumatatu nikajiambia maji ya mlimani tangu babu zetu hayajamdhuru mtu, na nikiweka dawa leo watasema mkono umekuwa mzito tena. Hapo ndipo nilipokwama. Sikula rushwa, sikuuza dawa, mapipa yote yako stoo na lakiri zake. Nilipenda kusifiwa tu.

Haya yalitokea mwaka juzi, mwezi wa tano. Hesabu mwenyewe. Tangu siku ya msiba wa Mzee Hezron hadi ninapoandika, hakuna hata kopo moja lililoingia kwenye lile tangi. Na kila asubuhi nimepanda kule, nimekaa kwenye jiwe, nimeteremka, ili watu wanione nikitoka kazini.

Usiichane barua, kaka. Bado sijafika kwenye baya lenyewe.

Mwaka huu masika yaliposhika, mwezi wa tatu, nilifungua mfuniko nikaona maji yamebadilika. Hayakuwa na tope la kumshtua mtu, yalikuwa na ukungu tu, na harufu ambayo niliijua mara moja kwa sababu ndiyo ya nyuma ya klabu ya Amoni. Nikateremka nyumbani nikamwambia Hellen kwamba kuanzia siku hiyo maji yetu ya kunywa yachemshwe, kwa ajili ya vifua vya watoto na baridi hii. Hellen hana neno, akachemsha. Mimi nikawa natembea na chupa yangu. Hilo ndilo sijui nitasimama nalo vipi mbele ya Mungu. Nilijua, nikaikinga nyumba yangu, nikaacha mabomba ya wenzangu yanatiririka.

Mama nilimwambia naye achemshe, kwa kisingizio hichohicho cha kifua. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema mama wa mtunza tangi akionekana anachemsha maji, majirani watasemaje? Kumbe kwa muda wote huo yeye ndiye aliyekuwa shahidi wangu. Mgeni akifika na kusita, mama hukinga kikombe bombani, hunywa mbele yake hadi tone la mwisho, kisha humwambia kwamba haya ni maji ya mwanawe. Wanawake wa hapa wameacha kuchemsha kwa kumwona mama.

Baada ya Pasaka, Fred, mtoto wa jirani yetu Tulia, akashikwa na homa. Alikuwa wa miaka minne, yule aliyezoea kuning'inia kwenye bomba letu kwa mdomo. Walidhani malaria. Alipofikishwa hospitali tumbo lilikuwa limeshaharibika. Tulimzika pale nyumbani kwao, kwenye migomba, kama desturi. Mimi nilikuwa mmoja wa wachimbaji, pamoja na Meshaki na Andrea, vijana wenye nguvu kuliko mimi. Chai ya mama haikuwa na kosa siku ile, chai huchemka. Lakini unakumbuka ile ndoo inayowekwa ukingoni mwa kaburi kwa ajili ya wachimbaji, na kikombe kimoja kinachozunguka? Tulia mwenyewe ndiye aliyeijaza bombani. Kikombe kilipofika kwangu nikampa Meshaki, nikasema sina kiu.

Siku kumi na mbili baadaye Meshaki na Andrea wakalala kitandani wote wawili. Andrea bado amelazwa Igogwe, na mganga amewaambia ndugu zake kwamba ni homa ya matumbo na wachunguze wanakunywa nini. Ndugu zake wakajibu kwamba wanakunywa maji ya bomba, yenye dawa, yanayotunzwa na Ndimyake. Meshaki tulimzika Jumamosi iliyopita. Nilichimba tena. Ndoo ililetwa tena. Nilipokipitisha kikombe niliinua macho nikamwona mama amesimama upande wa wanawake, ananitazama. Tangu siku hiyo hakunitania tena.

Jumatatu nikaona basi, nirudishe dawa kimyakimya na jambo liishie hapo. Nikafungua stoo, nikavunja lakiri ya pipa la kwanza. Kaka, unga umeganda kama jiwe, na hata niliposogeza pua hakuna harufu. Unyevu wa Rungwe umeula wote. La pili hivyohivyo. La tatu hivyohivyo. Niliponda kipande kwa nyundo nikakikoroga, maji yakawa meupe kama ya chokaa na hayakunuka chochote. Nikajua kwamba hata kuficha sasa hakuna njia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya watu wengine.

Jumatatu hiyohiyo niliporudi nilimkuta mama amejifunika blanketi mbili jikoni, karibu na moto, anatetemeka.

Hadi leo homa haijashuka. Hataki kwenda Igogwe, anasema itakuwa malaria. Nilimpelekea maji yaliyochemshwa, akayanusa, akayarudisha, akasema yananuka moshi, na akaagiza ya bomba. Kwa siku tano nimemwangalia akiyanywa. Ndiyo, siku tano, mimi mwanawe.

Leo alfajiri nilipanda nikafunga koki kuu. Niliizungusha mpaka ikagoma. Kisha nikaja nikakaa kando ya kitanda chake nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe, bila kuruka chupa yangu wala mapipa. Alisikiliza macho yameelekea ukutani. Nilipomaliza akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye aliniomba siku tatu, sasa ile miaka miwili niliombwa na nani?

Akaniuliza kama Tulia anajua. Nikasema hapana. Akasema ile siku ya Meshaki aliniona nikikipitisha kikombe, akaelewa kwamba kuna kitu, na akarudi nyumbani akanywa vikombe viwili bombani, makusudi, ili kama kuna neno baya juu ya mwanawe lithibitike kuwa uongo. Kaka, mama alikunywa kwa ajili ya kunitetea.

Sasa ameniagiza mambo mawili. La kwanza, kesho Jumapili abebwe kwa kiti mpaka kanisani, asimame nami mbele ya watu, aseme kwamba yeye ndiye aliyeomba. Hilo nimemkatalia, siku zake zilikuwa tatu, zilizobaki ni zangu, na kesho ni mbali, nitawaambia watu mwenyewe leo. La pili, nisikuandikie, nisikuvunje moyo ukiwa ugenini. Na hilo nimelikataa, kama unavyoona.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Shemeji asije na mtoto. Lakini wewe njoo, kaka, kwa basi la kwanza, na dawa mpya kama utaipata huko, na kama hutaipata njoo hivyohivyo. Gari la hospitali nimetuma mtu akaliite, na mama atakwenda Igogwe leo, atake asitake. Sina hakika utatukuta sote.

Nimesikia ndoo zinagongana hapo nje tangu nianze ukurasa huu. Mabomba yamekauka kijiji kizima, na wamekuja kama kawaida yao, wanacheka, wananiita mkuu wa gereza, wanauliza kama nimelala na funguo. Sauti ya Tulia naitambua kati yao. Ana mtoto mwingine mgongoni, yule mdogo.

Mama ameona nimekuandikia hata hivyo, na anakusalimu sana. Anasema umbusu mjukuu wake, na kwamba siku utakayofika atakupikia chai.

Nafunga bahasha hii na kumpa Hellen aiwahishe kwenye basi. Kisha nakwenda kuwafungulia mlango. Koki siifungui.

Ni mimi mdogo wako,
Ndimyake