Mawe ya Nyumba ya Pweto

Nchelenge, tarehe 14 Juni 1998

Kwa mdogo wangu mpendwa Agnès,

Leo ni miaka thelathini na mitano tangu nivuke ziwa kutoka kwetu Pweto kuja nchi hii. Nakusalimu kwa upendo, wewe na watoto. Mguu wako unaendeleaje? Sisi huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Bwembya, mke wangu, anakohoa kidogo kwa baridi ya majira haya, lakini hajaacha kuchekesha watu.

Barua yako Jean-Claude wa mashua alinipa pale ufukweni Kashikishi, kabla hata hajashusha samaki wake. Unasema sakafu ya mawe aliyoijenga Baba katika nyumba yetu imekuwa nyeusi, na ulipoisugua kwa ndimu yakatokea mabaka meupe. Unasema tena kwamba mwanao Hervé anataka kuoa na ameomba nyumba ile, ukamjibu angoje, maana ni ya Yaya, kama unavyoniita mimi kaka yako tangu utoto, na kwa kuwa nchi sasa imebadilika, Yaya atarudi. Unataka niyakute mawe kama nilivyoyaacha.

Nayakumbuka. Yalikuwa na rangi ya unga wa muhogo ulioingia majivu kidogo, na lile kubwa la mlangoni lilikuwa na mshipa wa buluu. Wakati wa joto tulilala juu yake bila mkeka, wewe ukigombania lile la dirishani. Mama alikataza samaki wasipitishwe mlango wa mbele, na Baba akamwuliza kama alidhani wavuvi wa Pweto wanavua mbuzi.

Ndimu uiache. Jiwe lile lina chokaa, na ukali wa ndimu hulila. Tena weusi ule si wa jiwe. Ni nta nyekundu uliyoipaka kila Jumamosi miaka yote, ukidhani unaitunza nyumba, na vumbi likanasa ndani yake. Itoe kwa maji ya moto na sabuni, ukikwangua kwa kipande cha ubao, kamwe si kwa kisu. Penye mafuta, paka udongo mweupe uliokandwa kwa maji ya sabuni, ufunike kwa plastiki hadi kesho yake, kisha ufunue ukauke. Utanyonya doa. Mabaka ya ndimu yasugue kwa jiwe laini na maji, polepole. Ukimaliza, usipake nta tena.

Utauliza nimejifunzia wapi. Nyumba yangu hapa nayo ina sakafu ya mawe, iliyowekwa na Mgiriki mmoja aliyekuwa ananunua samaki. Bwembya aliipaka nta kama wewe. Mimi sikuigusa. Kila mwaka niliona kiangazi kijacho kitanikuta kwetu, na mtu anayeondoka hahangaikii sakafu. Hata mti wa matunda sikupanda. Bwembya alizoea kunitania mbele ya wageni, akiwaambia wampe Bashi Chola, yaani baba wa Chola, mtoto wetu wa kwanza, kiti cha karibu na mlango, maana mashua yake iko njiani. Watu walicheka, nami nikacheka.

Barua yako ilipofika, nilipiga magoti kwenye kona ya jikoni ili nijaribu kabla ya kukuelekeza. Nilikusudia jiwe moja tu. Likatokea jeupe, nikafuata la pili, na siku zikapita. Bwembya akaja na kikombe chake cha chai, akaniuliza ni bwana mkubwa gani anakuja kututembelea. Nilitaka kumwambia kwamba najifunza kwa ajili ya Pweto. Nikashindwa. Nikamwambia hakuna mgeni, naisafisha nyumba yetu. Hapo hakunitania tena. Aliweka kikombe chini, akajifunga kitenge vizuri, akachukua ubao.

Kwa hiyo, Agnès, mpe Hervé nyumba. Usimwambie anitunzie, mwambie ni yake. Na kama mchumba wake anapenda nta nyekundu, usigombane naye. Najua umeilinda nyumba hiyo kwa ajili yangu hata ulipokosa mahali pa kulaza watoto wako mwenyewe, na najua maneno haya yatakuuma kuliko mguu. Nitukane kwa barua, nitaisoma yote. Au njoo unitukane hapa. Jean-Claude hatakunyima nafasi katika mashua yake, na Bwembya atakupikia.

Nisalimie Hervé na bibi arusi wake, na wote wa kanisani ambao bado wananifahamu. Bwembya anakutumia kitenge, utakipata pamoja na barua hii. Mungu akulinde.

Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Evariste