Naomba Mkono Wako

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini presha imetulia na unameza vidonge vyako, siyo vile vya jirani. Mimi ni mzima wa mwili.

Nakuandikia kabla watu hawajakuletea habari hizi kwa mdomo. Jumatatu mchana tulimpokea dereva wa lori aliyegongana na basi dogo. Alikuwa hajitambui. Nyuma yake akaingia askari kijana, akanitaka nimtoe dereva damu ili wakapime pombe. Nikamuuliza hati ya mahakama, hana. Nikamuuliza kama dereva amekamatwa, akasema bado. Mwongozo wa hospitali umebandikwa juu ya sinki: mgonjwa asiyeweza kukubali, kama hakuna hati wala hajakamatwa, damu ya kupelekwa polisi haitolewi. Nikamwonyesha. Akasema hakuja kusoma kuta.

Nilikataa. Akanifunga pingu mbele ya wagonjwa wangu, akaniketisha kwenye gari lao karibu mchana mzima, hadi muuguzi mkuu alipokuja kunitoa. Sasa nimesimamishwa kazi mpaka kamati ya nidhamu ikae tarehe 2 Aprili. Askari ameandika kwamba nilimzuia kufanya kazi yake. Wanaweza kunifukuza.

Najua sare ni kitu gani kwako, baba. Ndiyo maana mwandiko wangu leo umepinda.

Mwanao,
Mwiba


9 Machi

Mwiba,

Marahaba. Afya yangu ni njema. Vidonge ni vyangu.

Moja. Barua nimeipokea na kuisoma mara tatu.

Mbili. Nimevaa sare miaka thelathini na moja. Sijawahi kuona raia akimwambia askari aliye kazini asome ukuta.

Tatu. Damu kidogo ile ingekupunguzia nini? Ungetoa, wakubwa wakagombana wenyewe huko juu.

Nne. Mwandikie yule kijana umwombe radhi kabla kamati haijakaa. Nikipita mbele ya kituo siku hizi wananiuliza habari za binti. Natazama viatu vyangu.

Baba yako,
Sajini mstaafu


13 Machi

Baba,

Shikamoo tena. Umeniandikia kwa namba kama unachukua maelezo ya mtuhumiwa, na mwisho hukuweka "Baba wa Mwiba" kama siku zote. Nimelia, nikacheka, nikalia tena.

Radhi siombi. Ngoja nikukumbushe jina hili limetoka wapi. Nina miaka saba, mwiba umezama kisiginoni, sitaki kuguswa. Mama ameshika sindano, shangazi amenibana mabega. Wewe umeshavaa sare na umechelewa kazini. Ukawaambia waniachie. Ukapiga magoti na suruali yako iliyopigwa pasi, ukasema, "Naomba mguu wako." Kisha ukangoja. Nilikukawiza sana, baba, na hukuuvuta. Nilikupa mwenyewe.

Tangu nianze kazi hii hakuna mkono niliouchoma bila kuuomba, hata wa mtu asiyejitambua. Wenzangu hunicheka, wanasema najiongelesha. Siku ile, askari akiwa amenisimamia, niliushika mkono wa dereva nikamwomba. Hakujibu. Ingekuwa ni kwa ajili ya kumtibu, ningemjibia mwenyewe, kwa sababu mtu yeyote angetaka kupona. Kwa ajili ya kesi sikuweza kumjibia.

Mwanao,
Mwiba


24 Machi

Baba,

Shikamoo. Siku kumi na moja umenyamaza. Dada wa duka la dawa la huko kwako ananiambia hujapita kuchukua vidonge. Kama umekasirika, kasirika ukiwa umemeza dawa.

Nyumbani nimeosha mapazia yote na kuyaosha tena. Mikono haijui la kufanya. Naogopa, baba. Kazi nyingine siijui.

Mwiba


27 Machi

Mwanangu Mwiba,

Marahaba, mama. Vidonge nimechukua jana. Sikukasirika. Niliishiwa namba.

Nilipokuwa koplo tulimpeleka hospitali mzee mmoja aliyeanguka na baiskeli, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nikasema huyu kalewa, atolewe damu. Muuguzi, binti wa umri wako, akasema mgonjwa hajakubali. Aliyeushika mkono ni mimi, Mwiba. Niliubana kitandani, binti wa watu akauchoma huku machozi yanamtoka. Mzee hakuwa na pombe hata tone, ni sukari iliyomshuka. Na kwenye maelezo niliandika "alikubali." Neno moja, kwa mwandiko wangu ule mnaousifu. Hata mama yako hakulijua.

Juzi nilipanda basi kuja huko kumwona askari wako, nikarudi bila kukupitia kwa aibu. Ni mtoto kabisa, masikio yamemzidi kofia. Anasema mkubwa wake alimwambia asirudi bila damu. Nikamweleza habari ya lile neno. Alinisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza kama yule mzee alipona. Nikamwambia sikuwahi kuuliza.

Nataka kuja kuyasema haya mbele ya kamati. Pengine yatakusaidia, pengine watasema mzee anaropoka, na wa kituoni hawatanisalimia tena. Hilo nalibeba. Lakini kazi ni yako na jina ni lako. Siji mpaka ukubali. Naomba ruhusa yako, mwanangu. Nangoja, hata ukinikawiza.

Baba wa Mwiba


30 Machi

Baba wa Mwiba,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Sikufichi, niliposoma habari ya yule muuguzi nilikuchukia kwa muda wa kumaliza ukurasa. Kisha nikakuona umekaa peke yako na hilo neno miaka yote hiyo, nikatamani ningekuwa karibu.

Muuguzi mkuu anasema kamati imegawanyika, lolote linaweza kutokea. Wakinirudisha, nitarudi wodini kesho yake. Wakinifukuza, angalau tutatoka mle ndani wawili.

Dereva ameamka. Kitu cha kwanza alichomuuliza muuguzi wa zamu ni dada gani aliyekuwa anamwomba mkono, maana alimsikia akashindwa kumjibu.

Ndiyo, baba. Njoo. Panda basi la asubuhi, nitakupokea stendi. Usisahau vidonge.

Mwanao,
Mwiba