Mizizi Imeliwa

Mwenzangu, ndiyo natoka kwa daktari wa meno.

Kanionyesha picha ya eksirei. Mizizi ya meno yangu ya mbele imeliwa. IMELIWA! Vimebaki vipande tu, meno yenyewe yanacheza.

Nikamuuliza, "Ni hizi waya za kunyooshea meno?" Akasema, "Waya zimechangia, lakini kuna watu mizizi yao haistahimili kuvutwa. Mara nyingi hali hiyo iko kwenye damu ya ukoo."

Kwenye damu, mwenzangu!

Halafu akauliza kama nina ndugu.

Unamjua pacha wangu, tulivyo shilingi kwa ya pili. Leo asubuhi kafungwa waya zake. Kanitumia picha, anacheka mpaka magego yanaonekana, na chini yake kaandika: "Sasa tutafanana tena."